Ubainifu wa Haki za Warithi na Dhulma ya Kuchelewesha Mirathi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Katika mambo aliyowafaradhia waja wake, Mwenyezi Mungu ameyaeleza mengi kwa jumla, akamwachia Mtume wake (s.a.w.) kuyapambanua. Sala imeamrishwa katika Kitabu, walakini idadi ya rakaa zake imejulikana kwa Mtume. Zaka imeamrishwa, na viwango vyake vimejulikana kwa Mtume. Ama mirathi, Mwenyezi Mungu ameigawa Mwenyewe. Nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi, mafungu yote sita yametajwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, na kila fungu limetajwa pamoja na mwenyewe. Kazi hiyo hakumwachia mfalme, wala kadhi, wala mzee wa ukoo. Kisha katika aya ya 13 na ya 14 akaiita migawo hiyo mipaka yake, akamwahidi Pepo mwenye kuitii, na akamwonya kwa Moto mwenye kuiruka. Baada ya ubainifu huu mtu angedhani kwamba Waislamu wa pwani hawana jambo walilolishika sawasawa kuliko hili. Mambo ni kinyume.

Dhulma iliyoenea siyo ya kuikataa hukumu kwa ulimi. Hapana Muislamu wa Mombasa, wala wa Lamu, wala wa Tanga, wala wa Unguja, atakayesimama barazani akasema kwamba binti hana fungu katika mali ya babake. Dhulma iliyoenea ni ya kimya, nayo ni kwamba mali haigawiwi. Mtu hufa, akazikwa, akasomewa khitma, maturubali yakakunjwa na wageni wakaenda zao. Kisha hapasemwi neno. Ndugu mkubwa hushika funguo za nyumba na hati ya shamba. Akiuliza mtu, huambiwa ni mapema mno, kaburi halijakauka. Mwaka ukipita, huambiwa na angojwe mdogo amalize masomo yake. Mdogo akimaliza, huambiwa mama yu hai, na ni aibu kugawa nyumba mbele ya macho yake. Na mama akifa, ni kaburi jingine halijakauka.

Katika muda huo wote nazi zaangushwa, kodi ya nyumba yapokewa, na jahazi lasafiri. Fedha zinazopatikana ni za nani? Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema kwamba milki ya mali huhama kutoka kwa maiti kwenda kwa warithi wake tangu ile saa roho inapotoka, ijapokuwa haijagawiwa, na ijapokuwa ina deni juu yake. Hilo deni huwa limeishika mali mfano wa rehani. Kwa hiyo kodi ya mwezi wa kwanza baada ya mauti si ya marehemu, kwani marehemu hana milki tena. Wala si ya mwenye funguo. Ni ya warithi wote, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Mwenye kuila peke yake amekula mali ya watu, na ikiwa katika watu hao yumo yatima, basi ameingia katika onyo la aya ya 10 ya Sura hiyo hiyo, ambayo yasema kwamba wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma wala moto matumboni mwao. Wapo wanaosali safu ya mbele na kanzu walizovaa zimenunuliwa kwa nazi za dada zao.

Na katika kuchelewesha, mbali na dhambi, muna fundo ambalo kila mwaka lazidi kukazika. Msomaji atazame mfano huu. Mtu amekufa, ameacha mke mmoja, wana wawili wanaume na binti watatu, na shamba lenye minazi 96 iliyo sawa kwa uzazi. Wazazi wake walikwisha kufa kabla yake, hana deni wala wasia. Mke apata thumuni, minazi 12. Yabaki 84, hugawiwa mafungu saba: kila mwana mwanamume mafungu mawili, na kila binti fungu moja. Kila mwana apata minazi 24, na kila binti 12. Hesabu hii haizidi nusu saa, na mwanafunzi wa chuoni aliyeanza kusoma faraidhi aiweza.

Haikufanywa. Baada ya miaka minne mjane aliolewa na mume mwingine, akamzalia mtoto mmoja mwanamume, kisha akafa, na wazazi wake walikuwa wamekwisha kutangulia. Ile minazi yake 12 sasa ni mirathi yake yeye. Mume wake wa pili apata robo, minazi 3. Yabaki 9, nayo hugawiwa kwa wanawe wote, wa mume wa kwanza na wa mume wa pili: wanaume watatu, minazi miwili kila mmoja, wanawake watatu, mnazi mmoja kila mmoja. Basi kila mwana wa marehemu wa kwanza sasa ana minazi 26, kila binti ana 13, mume wa pili ana 3, na mtoto wake ana 2. Mume huyu pengine hakupata kumwona marehemu wa kwanza hata siku moja, naye ana minazi katika shamba lake. Na hiyo ni haki yake aliyopewa na Mwenyezi Mungu, hapana awezaye kumwondolea. Lakini ndugu mkubwa akimwona ameingia shambani humwona mwizi, na siku hiyo ndipo panapoanza maneno. Laiti mjane angalikabidhiwa minazi yake 12 mapema, ingalijulikana tangu mwanzo ni ipi, na hao waliokuja nyuma wangaliifuata hiyo bila ya kugusa minazi ya mtu.

Na hapo amekufa mtu mmoja tu baada ya wa kwanza. Wakifa watatu au wanne, na kila mmoja ana mke au mume, na watoto, na huyu mmoja ana watoto Maskati na yule mwingine ana mjane Uingereza, hesabu hugawanyika mpaka mtu akawa ana sehemu ya mnazi mmoja, wala mnazi haukatwi vipande ukazaa. Wanavyuoni huiita bab hii munasakha, na imewatoa jasho hata mafundi wa faraidhi. Mashauri mengi ya mirathi yanayokaa mahkamani miaka mingi, yakala fedha ya nauli na ya mawakili, asili yake si ugumu wa Sharia. Asili yake ni nusu saa ambayo haikutumiwa wakati wake.

Desturi hii ya mkubwa kuishika mali si ngeni, wala haikuanza pwani. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa hawamrithishi mwanamke wala mtoto mdogo. Mrithi kwao ni mwenye kubeba silaha. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Saad bin Rabii, sahaba katika Ansari, aliuawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), akaacha mke na binti wawili. Ndugu yake Saad akaichukua mali yote, asiwaachie kitu. Yule mjane akaenda kwa Mtume (s.a.w.) pamoja na watoto wake, akamweleza kwamba hawa ni binti wa Saad, baba yao ameuawa pamoja nawe, na ami yao ameichukua mali, na mabinti wasiokuwa na kitu hawapati wa kuwaoa. Mtume akamwambia kwamba Mwenyezi Mungu atahukumu. Ikateremka aya ya mirathi. Hapo Mtume akampelekea ami yule, akamwamrisha awape binti wawili thuluthi mbili, na mama yao thumuni, na kinachobakia ndicho chake.

Mali ikifanywa mafungu 24, binti wawili wana 16, mjane ana 3, na ami ana 5. Yule ami alikuwa ameshika yote 24. Na yafaa kuangalia kwamba mjane huyu hakungoja kaburi likauke, wala Mtume hakumkemea kwa kudai mapema, wala hakumwambia arudi akapatane na shemeji yake nyumbani. Alidai, akasikilizwa, akapewa. Leo mwanamke akidai vile vile katika mji wa Waislamu huambiwa ana tamaa, na amewafedhehesha watu wa nyumba yao.

Kwa hiyo wengi katika wanawake hawadai, na hapa hutokea neno ambalo limekuwa hoja ya kila mwenye kushika mali: "Dada wamesamehe." Neno hili lataka kuchunguzwa. Walisamehe lini? Mara nyingi ni katika siku za matanga, nao wamekaa mkekani, macho yamevimba kwa kilio, akaingia kaka akawauliza mbele ya mashangazi kama wao wana neno. Nani atakayesema ana neno saa hiyo? Tena walisamehe nini? Hawakuambiwa shamba lina minazi mingapi, wala nyumba yakodishwa kwa kiasi gani, wala katika benki muna nini. Katika madhehebu ya Shafii, kutoa kitu kisichojulikana hakuswihi, wala kumsamehe mtu haki isiyojulikana kadiri yake hakuswihi. Asiyejua anachokitoa hakutoa. Na kunyamaza kwa haya si kusamehe.

Kusamehe kunakoswihi ni kwa mtu mzima mwenye akili, aliyeambiwa fungu lake ni kadha wa kadha, tena baada ya kuwa mali imekwisha kubainishwa, asiogope kutengwa wala kununiwa. Akitoa hapo, ametoa chake, na ni wema mkubwa kwa ndugu yake. Vile vile yafaa warithi kupatana: huyu achukue nyumba, na yule achukue shamba, na mwingine apewe fedha badala ya fungu lake, maadamu kila mmoja ajua anachokiacha na anachokipokea. Lakini wenye kusema "Dada wamesamehe" wakitakiwa kwanza wawape hao dada fungu lao mkononi, kisha waone kama watalirudisha, hughadhibika. Ghadhabu hiyo yatosha kuwa jawabu.

Wengine hutoa udhuru mwingine, kwamba dada ameolewa, ala kwa mumewe, na nyumba ya babake iko wazi kwake siku yoyote atakayoachwa. Udhuru huu una sura ya huruma na ndani yake ni dhulma. Fungu la binti halikuwekewa sharti la kuachwa wala la ufukara. Amepewa nusu ya nduguye mwanamume, na wanavyuoni wamebainisha kwamba mwanamume ndiye aliyebebeshwa mahari na masurufu. Basi kaka aliyekwisha kupewa maradufu kwa sababu ya mzigo, kisha akaichukua na ile nusu ya dada, amechukua ujira wa mzigo na mzigo hakuubeba.

Ama taratibu ya mali ya maiti, yajulikana. Kwanza hutolewa gharama za kumzika kwa wastani; kisha madeni yake; kisha wasia wake usiozidi thuluthi ya kilichobaki; kisha ndipo warithi. Watu huyajua haya kwa ulimi, lakini katika deni hulisahau deni lililo karibu nao kuliko yote, nalo ni mahari. Ni desturi ya pwani kuandika mahari, ikatolewa sehemu, na sehemu ikabaki juu ya mume mpaka itakapodaiwa. Mke huishi na mumewe miaka thelathini asiidai kwa mapenzi au kwa haya. Mume akifa, mahari hiyo ni deni kama deni la tajiri wa dukani, na mke ni mdai kabla ya kuwa mrithi. Tuseme marehemu ameacha watoto, na mali yake yote ni shilingi 500,000. Gharama za mazishi 20,000, madeni ya watu 20,000, na mahari iliyobaki ni 60,000. Yakitolewa yote hubaki 400,000, na thumuni ya mjane ni 50,000. Akichanganya na mahari yake ana 110,000. Mahari ikisahauliwa, atapata thumuni ya 460,000, ambayo ni 57,500 tu. Amepunjwa 52,500, na waliompunja huapa kwamba wamemgawia kwa Sharia.

Wala deni la maiti si jambo la kuchezewa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiletewa jeneza akiuliza kama maiti ana deni; na imethubutu katika Bukhari kwamba aliletewa mmoja mwenye deni, asiwe na kitu cha kulilipa, akawaambia sahaba wamsalie wao, mpaka Abu Katada alipolichukua deni lile juu yake, ndipo akamsalia. Juu ya hayo, watu huchinja ng'ombe wa arubaini na deni la maiti halijalipwa, tena kwa fedha za mali isiyogawiwa ambayo ndani yake muna fungu la mtoto wa miaka mitano. Mtoto huyo hana idhini ya kutoa, wala hapana wa kumtolea. Wageni wala sahani ya yatima, kisha wamwombea babake. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra (629), Mtume aliwaamrisha watu wawapikie jamaa za Jaafar, kwani limewafika la kuwashughulisha. Leo wafiwa ndio wanaowapikia watu.

Yaliyotangulia ni juu ya walio hai baada ya maiti. Lakini fitina nyingi huachwa na maiti mwenyewe, kwa kuwa aliishi kana kwamba hatakufa. Katika hadithi ya Ibn Umar iliyo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amebainisha kwamba haimfai Muislamu mwenye jambo la kuusia apitishe masiku mawili illa wasia wake uwe umeandikwa kwake. Na Ibn Umar alisema kwamba tangu aliposikia hayo haukumpitia usiku mmoja illa wasia wake u pamoja naye. Watu wa pwani wengi huogopa kuandika wasia kama kwamba karatasi ndiyo inayomwita Malaika wa mauti.

Cha kuandikwa si cha kutisha. Ni madeni anayodai na anayodaiwa. Ni amana za watu alizowekewa. Ni mahari ya mkewe iliyobaki. Ni vitu vilivyomo nyumbani ambavyo si vyake. Kwani cherehani, na dhahabu, na makabati aliyokuja nayo mke au aliyoyanunua kwa fedha zake, hufungiwa baada ya mauti vikahesabiwa katika mirathi, naye mwenyewe akaambiwa alete shahidi. Ni fedha zilizomo katika akaunti ya benki na katika simu. Fedha za simu siku hizi ni nyingi, na mtu akifa pengine hapana ajuaye kiasi chake, au ajuaye ni mmoja aliyeijua nambari ya siri, akazitoa usiku ule ule wa msiba kabla maiti hajaoshwa. Na akiba ambayo mtu ameiweka mwenyewe, akaandikisha jina la mwanawe mmoja au la mkewe kuwa ndiye atakayeipokea, huyo aliyeandikishwa ni mpokezi wa amana. Akiipokea, ni juu yake kuifikisha kwa warithi wote, isipokuwa warithi wenyewe wamwachie.

Kisha wasia usizidi thuluthi, wala usiwe kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia baada ya mauti. Saad bin Abi Wakkas aliugua Makka, naye alikuwa na binti mmoja, akataka kutoa thuluthi mbili za mali yake sadaka. Mtume alimkataza, akashuka mpaka nusu, akamkataza, akashuka mpaka thuluthi, akamwambia hiyo thuluthi nayo ni nyingi, na kuwaacha warithi wake wana kitu ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Saad akapona, akaishi miaka mingi baada ya hapo, akapata watoto wengine. Na laiti angaliitoa mali ile, wangaliikosa.

Thuluthi hii ina kazi moja ambayo babu wengi wa pwani wameisahau. Mtu ana wana wawili, mmoja akafa mbele ya macho yake, akaacha watoto. Babu akifa, mwana aliyebaki huwazuia wale wajukuu, hawapati kitu, na wao ndio mayatima. Misri iliitazama shida hii, ikatunga kanuni ya wasia nambari 71 ya 1946 inayowapa wajukuu hao wasia wa lazima ndani ya thuluthi, ijapokuwa babu hakuuandika. Katika madhehebu yanayofuatwa pwani hakuna lazima hiyo. Asipoandika babu, hapana wa kumwandikia. Hivyo mzee anayewapakata wajukuu wake mayatima kila jioni, akawaita roho yake, naye hajawaandikia hata mnazi mmoja, aelewe kwamba mapenzi yake yatakatika siku yake ya mwisho, na wao watabaki mlangoni kwa ami yao. Vile vile mtoto wa kulea, na mtoto wa mke, na jamaa asiyekuwa Muislamu: hawa hawarithi, lakini mlango wa wasia uko wazi kwao.

Na wapo wenye kuikimbia mirathi kwa kujigawia mali yao wangali hai. Hiba ni halali, lakini ina masharti yake. Apewaye na akabidhiwe. Ama kuandika karatasi ikafungiwa sandukuni mpaka afe, hiyo si hiba, ni wasia kwa mrithi uliovishwa kanzu. Na aliyetoa katika maradhi ya mauti, alichokitoa huhesabiwa katika thuluthi. Na atakayempa mwana mmoja akawanyima wengine akumbuke khabari ya Nuuman bin Bashir: babake alimpa kitu, mamake akataka Mtume awe shahidi, Mtume akauliza kama amewapa wanawe wote mfano wake, na alipoambiwa sivyo, akakataa kushuhudia. Hapana shaka mwana aliyenyimwa humchukia nduguye, na huenda akaacha kumwombea babake.

Ama pa kwenda wakikhitilafiana, Waislamu wa Kenya wana Mahkama ya Kadhi. Mahkama hizi ziliachwa kusimama katika mapatano ya 1895 ya ukanda wa pwani baina ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza, zikahifadhiwa tena katika mapatano ya 1963 ulipokaribia uhuru, na leo zimo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170: husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi, ikiwa pande zote ni Waislamu na zimeridhia kuhukumiwa hapo. Unguja na Pemba kuna mahkama za makadhi, na tena iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo yashughulika na kuwagawia watu mirathi. Tanzania Bara shauri la mirathi ya Kiislamu hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi huteuliwa hapo.

Watu huziogopa mahkama, husema kwenda huko ni kuvunja udugu. Udugu uliovunjika ulivunjwa na aliyekula mali. Mwenye kudai amekuja kuokota vipande. Tena si lazima kwenda kwa ugomvi. Warithi waliopatana huenda pamoja, wakachukua cheti cha kifo, na majina ya warithi wote bila ya kumficha mke wa mji mwingine wala mtoto wake, na hati za ardhi, na orodha ya mali na madeni. Kadhi akatoa mgawo wao kwa maandishi. Karatasi hiyo ina kazi kubwa, kwani daftari la ardhi halibadilishwi jina kwa maneno ya jamaa, na nyumba iliyobaki katika jina la maiti ni rahisi kuuzwa na mjanja mmoja wapo. Wakili naye ni msaada kwa asiyejua kujieleza, mradi ujira wake ujulikane tangu mwanzo na ulingane na mali yenyewe. Imeonekana nyumba ikauzwa ili walipwe mawakili wa warithi waliokuwa wakiigombania, kisha warithi wakarudi kwao na nauli.

Yabaki neno juu ya yule ambaye leo ameshika mali ambayo haijagawiwa, pengine aliirithi hali hiyo kwa babake, naye ataka kutoka katika dhima. Njia yake ipo. Na aandike mali yote kama ilivyokuwa siku ya mauti, na alichokipokea tangu siku hiyo, kodi na nazi na mengineyo. Alichotengeneza katika nyumba kwa idhini ya wenziwe, na kodi ya serikali aliyowalipia, aandike pia, kwani hiyo ni haki yake kudai. Kisha awaite warithi wote, na aliye mbali apelekewe khabari, wafanyiwe hesabu na mwenye kuijua faraidhi, kila mmoja aambiwe fungu lake na kilicholiwa katika fungu lake. Mtu mzima akitaka kumsamehe, amsamehe sasa, naye ajua kiasi. Ama mtoto mdogo hasamehe, wala walii wake hana ruhusa ya kumsamehea. Fungu la mtoto huandikwa, likawekwa mahali pa amana, likatunzwa kwa maslahi yake, na siku atakapobalighi akajaribiwa na kuonekana ana busara, hukabidhiwa lote mbele ya mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 6 ya Sura An-Nisaa.

Wallahu aalam.